Hospitali 38, Wagonjwa 182

Hesabu hii ilinishangaza. DEFUSE 3, jaribio la Marekani lililobadili tiba ya kiharusi, liliandikisha wagonjwa 182 kati ya Mei 2016 na Mei 2017. Hospitali zilizoshiriki zilikuwa 38. Ukigawanya, kila hospitali haipati hata wagonjwa watano kwa mwaka mzima.

Si kwamba wagonjwa ni haba. Marekani hupata viharusi karibu 800,000 kila mwaka. Kinachokosekana ni muda. Mgonjwa wa saratani hupewa miadi, akasafiri hadi hospitali kubwa, akarudi nyumbani kushauriana na jamaa kama akubali kujaribiwa tiba mpya. Wa kiharusi huanguka bafuni alfajiri, mdomo umepinda, mkono umelegea, na sehemu ya ubongo isiyofikiwa na damu inazidi kufa huku ndugu wakihangaika na usafiri. Jaribio haliwezi kumngojea mji mwingine. Ni lazima liwe tayari katika hospitali ileile atakayofikishwa, usiku uleule, pamoja na daktari wa zamu mwenye idhini ya kumwingiza.

Jaribio la tPA, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lililochapishwa mwaka 1995, lilikuwa limeshaonyesha ugumu huo. Wagonjwa 624 walipaswa kutibiwa ndani ya saa 3, na nusu yao ndani ya dakika 90. Dawa ilisaidia, ingawa iliongeza hatari ya damu kuvuja ubongoni. Lakini majaribio yaliyofuata mara nyingi yalianza upya: kusaka hospitali, kuandika mikataba, kupitia kamati ya maadili ya kila hospitali, kila moja na maswali yake. Miezi ilikwisha kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa.

Mwaka 2013 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianzisha StrokeNet, mtandao wa hospitali wa kuendesha majaribio ya kiharusi. Vilichaguliwa vituo 25 vya kanda, kila kimoja kikiwa na hospitali zinazokizunguka. Uratibu ukawekwa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Takwimu zikaenda Chuo Kikuu cha Tiba cha South Carolina. Kamati moja ya maadili huamua kwa niaba ya hospitali zote, na mkataba mkuu ni mmoja. Jambo ninaloliona la busara kuliko yote ni la fedha: mtandao hugharimia watu hata kabla ya jaribio lolote kuanza. Tiba ya kujaribu ikipatikana, wa kuijaribu wako kazini.

DEFUSE 3 ilipita humo. Swali lake lilikuwa hili: je, bonge la damu linaweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopenyezwa kupitia mshipa wa kinena, ilhali saa 6 hadi 16 zimeshapita? Programu ya kompyuta ilisoma picha za ubongo na kutenganisha sehemu iliyokwisha kufa na ile iliyokosa damu lakini bado hai. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wameamka wakiwa na dalili, watu ambao saa ya kuanza kwa ugonjwa wao haijulikani. Matokeo mazuri ya jaribio jingine, DAWN, yalifanya takwimu zikaguliwe mapema, na uandikishaji ukakomeshwa. Baada ya siku 90, asilimia 45 ya waliovutwa bonge walikuwa wakijitegemea. Kwa waliopewa dawa pekee, asilimia 17.

Kwetu Tanzania, hata kuhesabu viharusi kulihitaji mtandao wa aina yake. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia wakazi wa Hai, Kilimanjaro, na wa sehemu ya Dar es Salaam, wakapata viharusi 636. Wapo waliofariki bila kuonwa na daktari. Sababu ya kifo ilitafutwa kwa kuwahoji wafiwa. Umri ukisawazishwa, Dar es Salaam ilifikia viharusi 316 hivi kwa watu 100,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Hai.

Mtandao wa majaribio wa Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, usianze na mrija. Mrija unadai picha ya ubongo usiku wa manane na daktari aliyefunzwa kuupitisha. Uanze na waliokwisha kupata kiharusi cha kwanza, wakarudi nyumbani: ni vidonge vipi vya presha, vikigawiwa na nani, vitakavyoendelea kumezwa hata mwezi wa kumi na mbili? Wagonjwa hao wanaweza kusubiri miadi, na zahanati inaweza kuwa kituo cha jaribio.