Udaktari kwa njia ya mtandao: Kwa nini wahadhiri husita?

Machi 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoingia Afrika Mashariki, vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya vilifungwa. Tanzania ilivifungua tarehe 1 Juni mwaka huo huo. Kenya ilingoja zaidi, na wahadhiri wengi wakajikuta wakifundisha kupitia intaneti pasipo matayarisho. Kwa wahadhiri wa tiba, uuguzi na ukunga, hapo ndipo lilipozuka swali zito: je, mtu atakayekabidhiwa roho za watu aweza kufundishwa kwa kioo cha simu?

Wapo wanaowalaumu wahadhiri hao kuwa hawapendi mageuzi. Lawama hiyo haina insafu. Mhadhara juu ya utendaji wa figo, au namna dawa inavyofanya kazi mwilini, waweza kurekodiwa, na mwanafunzi akaurudia mara tano hadi aelewe. Faida hiyo hawaikani. Lakini kupapasa tumbo na kuhisi ini lililovimba, kutambua mapigo ya moyo wenye hitilafu, au kumpokea mtoto anayetanguliza makalio, ni mambo ambayo mkono huyajua kwa kuyatenda, mwalimu akiwa kando. Na zipo adabu za kazi: kumwomba mgonjwa ruhusa, kumsitiri, kumpa habari nzito kwa upole. Hizo mwanafunzi huziokota wodini kwa kumtazama mkubwa wake.

Yapo pia mazito mengine. Mwalimu huzungumza mbele ya kamera zilizozimwa asijue nani ameelewa. Mwanafunzi wa kijijini hukatikiwa na mtandao katikati ya somo, na mwenye kipato kidogo hushindwa kununua kifurushi. Somo la mtandaoni huhitaji saa nyingi za kuliandaa, na mtihani unaofanywa nyumbani si rahisi kuusimamia. Si ajabu basi mhadhiri asiyepewa mafunzo, vifaa wala muda akaiona njia hii kuwa mzigo.

Hata hivyo, njia hii imekwisha kuleta manufaa. Mwaka 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha mpango wa kompyuta uliolenga kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 hadi ngazi ya stashahada. Vyuo visingeweza kuwapokea wote madarasani, wala hospitali zisingeweza kubaki bila wauguzi. Lakini tuzingatie jambo moja: hao walikuwa tayari wauguzi. Mikono yao ilikwisha kuzoea wagonjwa; walichohitaji ni kuongezewa elimu. Kijana aliyetoka sekondari jana hana akiba hiyo.

Basi mzazi mwenye mtoto anayetaka kusomea fani za afya asiulize tu kama chuo kinafundisha kwa mtandao. Aulize: ni masomo gani yanayofundishwa huko? Mwanafunzi atakaa wodini muda gani, na nani atamsimamia? Wahadhiri wamepewa mafunzo ya kuitumia njia hii? Chuo chenye majibu ya wazi kimeyapokea mashaka ya walimu wake na kuyafanyia kazi.

Maisha ya mgonjwa ni amana. Siku moja mgonjwa huyo atakuwa mzazi wetu, au sisi wenyewe, na hapo tutataka daktari aliyewahi kushika mkono wa mgonjwa kabla ya wetu.