Fahamu: Mwani wenye sumu ziwani, na kwa nini joto si chanzo pekee
Agosti 2014, wakazi wapatao 400,000 wa Toledo, Marekani, na viunga vyake walikatazwa kunywa maji ya bomba. Hata kuyachemsha hakukufaa, kwa kuwa moto hauiharibu mikrosistini, sumu ya ini inayotoka kwa sianobakteria, wale bakteria wa kijani tunaowaita mwani, waliokuwa wametanda Ziwa Erie, mji huo unakochota maji yake. Wengi hulaumu joto la kiangazi. Ni kweli sianobakteria hustawi maji yakipata joto na kutulia, lakini bila chakula hawafiki mbali. Chakula chao ni fosforasi, ambayo Mto Maumee huizoa mashambani na kuimwaga ziwani. Ushahidi umo katika historia ya ziwa lenyewe: Marekani na Kanada zilipokubaliana mwaka 1972 kupunguza fosforasi, hasa ya majitaka na sabuni, maji yalianza kutakata.

Mkulima atauliza, na ana haki: avune nini bila mbolea? Hakuna anayemtaka aiache. Aifukie udongoni badala ya kuimwaga juu mvua ikikaribia, maana inayosombwa ni hasara yake pia. Kwa Kisumu, Kenya, hoja ya kupunguza fosforasi ni nzito zaidi. Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ulipo mji huo, haina majira ya baridi ya kuwapunguza sianobakteria, kwa hiyo majitaka na mbolea ndipo pa kuanzia.