Moto ya baba: tuikate ao tuiache vile ilitoka Japani?

Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Lubumbashi, kuko nyumba mingi zenye bado na moto ya zamani nyuma ya jiko, imefunikwa na bashi. Mara mingi ni Honda CG125 ao Yamaha AG100. Baba aliinunua wakati alikuwa mu kazi ya mugodi, ao wakati alipata hesabu yake ya mwisho. Leo baba amechoka, na mutoto mukubwa anaitaka. Anataka kukata nyuma, kuongeza kiti, kusude portbagaji ya fera-betoni, kuweka motere mupya ya Kichina, na kuingia mu kazi ya manseba. Muzee naye anasema: "Hii moto iko orizinale. Hakuna mutu ataigusa."

Sisi watu wa sendika tunaitwaka mu mabishano ya namna hii kuliko vile munawaza. Ni haki, sababu mu nyumba yenye mushahara moja umekatika, moto ile njo mushahara wa pili. Tumesikiliza wazee, tumesikiliza vijana, tumekaa na mafundi. Wote wako na kipande cha ukweli, lakini vipande havilingani ukubwa.

Tuanze na muzee. CG125 ilitoka mwaka 1976, na Honda haikuitengeneza kwa barabara za Tokyo. Wahandisi waliona kama mu inchi mingi watu wanapakia mizigo mukubwa kupita kipimo, hawabadilishi mafuta ku wakati, na vumbi inakula shene. Kwa hiyo waliweka motere ya vijiti vya kusukuma valvu, yenye kuvumilia, na wakafunika shene ya nyuma yote na chuma. AG100 nayo ilifikiriwa kwa watu wa mashamba: shene imefunikwa, miguu mbili ya kusimamisha, moja ku kila upande, portbagaji mbele na nyuma, na pompe yenye kupeleka mafuta yenyewe mu motere bila kuichanganya mu esanse. Unaona? Ile kitu muzee anaita "orizinale" si urembo. Ni akili ya mutu mwenye alijua njia zetu mbele ya sisi kuzipita.

Na kitu gani vijana wanatoshaka kwanza? Kifuniko cha shene! Wanasema kinachelewesha kazi wakati wa kutosha gurudumu, na tena kinaonekana cha kizee. Kiisha vumbi nyekundu inakutana na mafuta ku shene, inageuka sawa karatasi ya kusugulia. Pinyo inaisha meno, shene inakatika mu mulima na abiria nyuma. Hapo tuko upande wa muzee kabisa.

Lakini kijana naye asikilizwe. CG za kwanza ziko na volti 6, na taa yake ya usiku ni ya kuhurumia. Kati ya Likasi na Kolwezi, na makamyo ya mugodi yanakupita, taa ile ni kifo. Kubadilisha kwenda volti 12 ni jambo jema, lakini isiwe ampule tu: alternatere, regulatere, batri na ampule zote vinaenda pamoja, kama hapana utaunguza kila kitu siku ya kwanza. Kuwasha kwa platine nako, kunaweza kubadilishwa na kwa elektroniki. Na hapa kuko bahati: Wachina walinakili sana motere ya CG, kwa hiyo pistoni na kabiratere vyenye kuikubali vinapatikana sokoni. Mara mingi hata motere muzima unaingia mu shasi ya zamani bila kukata kitu.

Freni, tuseme kwa nguvu. Kuko wenye kupenda orizinale mpaka wanaacha garnitire za miaka ile. Bandugu, garnitire za zamani mingi zilitengenezwa na amianti. Ule vumbi unaharibu mapafu, na sisi wa mugodi tunajua mapafu yenye kuharibika yanafananaje. Usipulize ngoma ya freni na kompresere, usipulize na mudomo. Lowesha, pangusa na kitambaa, kitupe, weka garnitire mupya. Hapo hatutaki kusikia habari ya orizinale.

Shasi sasa. Fundi mumoja wa kusude, mutu wa miaka mingi mu atelie ya mugodi, alituambia: "Chuma haikatikake pa nilisude, inakatikaka pembeni." Ni kweli. Moto wa kusude unabadilisha chuma pembeni ya kovu, na njo pale inapasukaka wakati abiria wawili na gunia ya makala wanaruka mu shimo. Portbagaji ya kufunga na buloni, sawa. Kukata bomba za shasi, apana.

Na tena karatasi. Namba ya shasi na namba ya motere ziko mu karte roze. Kijana anabadilisha motere, anasahau karatasi, kiisha pa barabara anaanza kujieleza. Muko munajua kujieleza kunakuwaka bei gani.

Wengine wanatuuliza kama moto ya baba itauzwa bei kubwa ku Wazungu. Wenye kukusanya moto za zamani wanatafuta zingine: Honda CB750 za kwanza za 1969, ao Yamaha XT500, ile ilishinda Paris-Dakar ya kwanza mwaka 1979 na Cyril Neveu. Kama uko na XT500 nyuma ya nyumba, usiipake rangi mbele ya kuuliza. Lakini CG ni moto ya kazi, na bei yake ni kazi yenye inafanya.

Mu famili moja ya kwetu, walisikilizana hivi: taa, freni na motere vibadilishwe, karte roze iandikwe upya, shasi isikatwe, kifuniko cha shene kibaki. Mutoto anapiga manseba tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Motere ya zamani imepakwa grisi, imefungwa mu gunia ya muchele, iko chini ya kitanda cha muzee. Siku ya Mungu, moto ikipumzika, muzee anatoka na kiti chake, anainama, anagonga kifuniko cha shene na kidole, kuhakikisha kama buloni zote ziko.