Tunza Visu Vyako, Linda Watoto

Nyumbani kwako mna vyombo vingi vya makali. Kuna kisu cha jikoni, kisu cha samaki, panga, shoka na mbuzi ya kukunia nazi. Je, sasa hivi kila kimoja kiko wapi?

Mtoto mmoja aliletwa kwetu zahanati, hapa Mbagala. Alikatwa vidole viwili. Kisu kiliachwa mkekani.

Fanya hivi. Ukimaliza kazi, osha kisu, kikaushe, kipake mafuta kidogo. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, huleta kutu upesi. Kitie katika ala kavu. Mbuzi ikunje, uifunge kitambaa. Weka vyote ndani ya sanduku lenye kufuli, mahali pa juu.

Mtu akikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo, majivu wala samadi. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika samadi. Nenda zahanati upesi, uulize kuhusu chanjo.

Leo, kabla ya kulala, hesabu visu vyako.