Texas Inahesabu Nafasi ya Darasani, Si Rangi

Wazazi wengi hapa Dallas na Houston bado wanaamini mtoto wa Kiafrika ana upendeleo wa kuingia chuo kikuu. Hana. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo kumpendelea mwombaji kwa sababu ya rangi.

Texas ina sheria yake ya 1997: anayekuwa katika asilimia 10 ya juu ya shule yake ya sekondari, akiwa amesoma masomo yanayotakiwa, anapokelewa moja kwa moja katika vyuo vikuu vya serikali. Austin wamebana, kwa wanaoingia 2026 ni asilimia 5. Rice na SMU ni vyuo binafsi, sheria haiwagusi.

Hapo ndipo penye mtihani. Tunahamia Frisco au Katy kufuata shule nzuri, kumbe mtoto mwenye A tupu anaweza kuwa wa 90 kati ya 700, maana watoto wa majirani nao wana A. Alama hizohizo Alief huenda zingemweka juu. Sisemi mhame, shule ngumu ina faida yake, na kodi ya nyumba mnaijua wenyewe. Ila mwoneni mshauri wa shule tangu darasa la 9, kwani alama za mwaka huo zinahesabiwa.

Na wanaotaka uuguzi wajue: kupokelewa Austin si kupokelewa uuguzi. Huko wanachuja upya.