Jino Lililotoboka Laweza Kuzibwa kwa Rangi Yake

Mtu akilalamikia jino hapa kwetu, ushauri wa kwanza anaopewa ni "nenda uling'oe." Anapofika hospitalini huwa amekaa na shimo miezi mingi, akilituliza kwa karafuu na dawa za maumivu za dukani, na mara nyingi huwa kweli hakuna njia iliyobaki ila kung'oa. Makala haya yanaeleza njia ile nyingine, yaani kuziba, na hasa kuziba kwa dawa yenye rangi ya jino. Wakazi wengi wa Kisii na majirani zetu wa Nyamira hudhani huo ni urembo wa watu wa mjini. Sivyo. Ni njia ya kubaki na jino lako, lakini ina wakati wake, na wakati huo ni kabla jino halijaanza kukunyima usingizi.

Hakuna mdudu anayetoboa jino. Bakteria wa kinywani hula sukari tuliyokula nao hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayolainisha jino polepole. Ganda la nje ni gumu na halina hisia, kwa hiyo shimo linaweza kuanza bila wewe kujua chochote. Likifika sehemu ya pili, unaanza kushtuka ukinywa maji baridi au ukitafuna muwa, kisha mshtuko unatulia baada ya sekunde chache. Hapo bado jino linazibika bila taabu. Likifika kwenye kiini chenye mishipa, maumivu huja yenyewe usiku na hukaa. Wakati huo kuziba peke yake hakutoshi. Itabidi mzizi usafishwe ndani kwanza, kazi ya gharama zaidi na ya kurudi mara kadhaa, au jino ling'olewe.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtoto 1 kati ya 4 na mtu mzima 1 kati ya 3 nchini Kenya ana jino lililooza.

Waliozibwa meno zamani wanakumbuka dawa ya rangi ya fedha. Hiyo huitwa amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ni imara na imewatumikia watu kwa miaka mingi, lakini zebaki inayotoka kliniki huchafua maji na udongo. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka matumizi yake yapunguzwe, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumiwe kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Ikiwa una kizibo cha fedha ambacho hakikusumbui, usikimbilie kukitoa. Kukichimba bila sababu kunapunguza jino zima lililokizunguka.

Dawa za rangi ya jino ziko za aina mbili, na si vibaya kuuliza unawekewa ipi.

Ya kwanza ni kompositi, mchanganyiko wa resini na chembe ndogo sana za kioo. Daktari huchagua rangi inayofanana na meno yako, hukuchoma sindano ya ganzi ikihitajika, huondoa sehemu iliyooza, kisha hupaka asidi hafifu kwa muda mfupi ili jino liwe na vinyweleo vya kushikia gundi. Kompositi hupangwa tabaka kwa tabaka, kila moja milimita 2 hivi, na kila tabaka hugandishwa kwa mwanga wa buluu kwa sekunde kadhaa. Wagonjwa wengine huona daktari anachelewa tu. La, dawa hii hunywea kidogo ikiganda, na ikijazwa yote kwa pamoja huacha mwanya ambao uozo utapitia tena. Adui yake mkubwa ni mate. Jino likilowa katikati ya kazi, gundi haishiki, kwa hiyo ukiambiwa usifunge mdomo, vumilia. Kompositi hutumika pia kwa jino lililovunjika pembe, kama kwa mtu aliyeanguka na bodaboda. Ukikiona kipande kilichovunjika, kiweke kwenye maziwa au maji uje nacho, kwani wakati mwingine hugandishwa mahali pake.

Ya pili huitwa ayonoma ya kioo. Ni unga na maji maji yanayochanganywa, na huganda yenyewe kwa dakika chache bila taa. Inashika jino hata penye unyevu kidogo na hutoa floridi inayolinda jino kandokando yake. Rangi yake si nzuri kama ya kompositi, na haivumilii kutafuniwa sana kwenye shimo kubwa. Lakini ndiyo iliyowezesha jambo ambalo Afrika Mashariki inaweza kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, katika chuo cha meno cha Dar es Salaam, ilianza njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu na kuziba, bila mashine wala umeme. Siku hizi njia hiyo hutumia ayonoma na imeenea duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa shule ya kijijini ambako stima hupotea, au kwa mtoto anayeogopa mlio wa mashine, hii si dawa ya daraja la pili.

Na hapo kwa watoto, wazazi tusikilizane. Mtoto akifika miaka 6 hivi, magego manne huota nyuma kabisa, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, mzazi hudhani ni meno ya utotoni yatakayobadilishwa, na yakitoboka anasema "yataota mengine." Hayataota. Hayo ndiyo magego ambayo mtoto atatafunia ugali hadi uzeeni. Mfungue mdomo kwenye mwanga wa mlango na uyatazame. Doa jeusi au jeupe kama chaki kwenye mikunjo ya gego ni sababu ya kumpeleka aonwe, hata kama halii.

Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu ukaelekezwa kwenye kliniki ya meno, kwa mfano katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Beba kitambulisho, na uulize kwenye dirisha la SHA ni nini kinacholipiwa na nini utalipa mwenyewe kabla kazi haijaanza. Kliniki ya kibinafsi iwe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambayo hutundikwa ukutani. Anayeziba meno sokoni kwa gundi ya dukani anafungia uozo ndani ya jino.

Ukishazibwa kwa kompositi, imekwisha ganda unapotoka mlangoni. Kinachokuzuia kula ni ganzi, ambayo huweza kukaa saa kadhaa, na watoto hasa hujitafuna mdomo bila kusikia. Kushtuka kidogo kwa baridi kwa siku chache ni kawaida. Jino likigusana na la upande wa pili kabla ya mengine, rudi likwanguliwe, usisubiri lizoee. Kukiwa na uvimbe wa shavu, homa au shida ya kumeza, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Kizibo kizuri hukaa miaka mingi, ila pembeni mwake jino huoza kama jino lingine lolote. Dawa ya meno yenye floridi mara 2 kwa siku, na usiku ukishapiga mswaki uteme tu bila kusukutua. Chai ya sukari inywe pamoja na chakula, si kidogo kidogo asubuhi nzima shambani.