Fahamu: Panya gani anafaa kumlisha nyoka wa kufugwa?

Nyangezi, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, dende (simbilisi) wanafugwa majumbani na panya wa shambani hawakosekani. Anayefuga nyoka atashawishika kutega hao wa bure. Tafadhali asifanye hivyo. Panya wa nje huenda amekula sumu au amebeba vimelea. Tena kuna mpox, ugonjwa ambao wanyama wa jamii ya panya wanaweza kuubeba: Kivu Kusini imeuona ukienea kutoka Kamituga tangu 2023. Ugonjwa huohuo uliingia Marekani mwaka 2003 kupitia panya buku na wanyama wengine wadogo kutoka Ghana. Uliwapata kwanza wanyama wa kufugwa, kisha watu.

Chagua panya aliyezaliwa na kulelewa bandani. Kipimo ni unene: asizidi sana sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Mtoto wa dende huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari mkubwa. Kwa hiyo hamfai chatu mchanga, anayehitaji kipanya.

Na awe amekwisha kufa. Panya hai akiachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna mgongo, wakati mwingine hadi mfupa. Aliyegandishwa ayeyushwe kabisa, apashwe kwa maji ya moto, akaushwe, kisha atolewe kwa koleo ndefu, si kwa vidole.